"Ana Mafua Tu": Hesabu ya Siku Mbili Shuleni

Mwalimu yeyote wa darasa hapa Tabora ameshaisikia sentensi hii getini asubuhi, mzazi akiwa bado juu ya bodaboda, injini haijazimwa: "Mwalimu, huyu ana mafua tu, atachangamka." Mtoto anashuka. Macho mekundu, kamasi imekaukia kwenye mkono wa sweta. Anaingia darasani na kujibana kati ya wenzake wawili kwenye dawati moja. Ijumaa ya wiki hiyo mwalimu anaita majina, na mengi yanapita bila mtu wa kuitika.

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka mingi kabla ya kuacha chaki, na nimeshakaa upande wa mwalimu na upande wa mzazi wa bodaboda. Kwa hiyo sina wa kumcheka. Nataka tu kulifungua fundo hili polepole, maana tumezoea kusema homa ya mafua inasambaa shuleni kwa sababu watoto ni wachafu, tukaishia kununua ndoo na sabuni na kudhani kazi imekwisha. Ukiuchunguza ugonjwa wenyewe unaona mambo mawili makubwa zaidi ya uchafu: hewa ya darasa, na jinsi sisi walimu na wazazi tunavyoshughulikia siku mbili za mwanzo.

Kapu moja, magonjwa mengi

Fundo la kwanza liko kwenye lugha. Pua ikichuruzika, kwetu ni mafua, basi. Lakini ndani ya kapu hilo mna vitu vitatu visivyofanana. Mna mafua ya kawaida, yanayoletwa na virusi vya aina nyingi sana, zaidi ya 200. Haya huja kwa kunyata: leo koo linawasha, kesho pua imeziba, baada ya wiki yameondoka bila kuaga. Mna mafua ya mzio, ya vumbi na moshi, ambayo hayamwambukizi mtu. Mtoto anaweza kupiga chafya kumi mfululizo katikati ya vumbi la Agosti na jirani yake asipate kitu. Halafu mna homa ya mafua yenyewe, inayoletwa na kirusi cha influenza, na hii haibishi hodi. Saa kumi jioni mtoto alikuwa anacheza mpira, saa mbili usiku amejikunyata chini ya blanketi, joto limefika nyuzi 39, kichwa kinagonga, viungo vinauma kana kwamba ameshinda shambani akivuna tumbaku, kikohozi ni kikavu. Watoto huongeza na kutapika au kuumwa tumbo, jambo ambalo kwa watu wazima si la kawaida, na ndipo mtoto mwenye homa ya mafua anapojikuta amepewa dawa ya minyoo.

Neno "homa" nalo halisaidii. Tuna homa ya mapafu, homa ya matumbo, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo, na kila moja ina chanzo chake. Isitoshe, ukisema "mtoto ana homa" hapa Tabora au kule Kigoma, anayekusikia anaelewa malaria. Ana haki, kwa kuwa mikoa hii miwili imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa ile yenye malaria nyingi zaidi nchini. Mtoto anapelekwa zahanati, anatobolewa kidole, kipimo kinasoma malaria, anapewa dawa ya mseto, na wote tunapumua. Kinachosahaulika ni kwamba mtoto mmoja anaweza kubeba vyote viwili. Kipimo kile kimejibu swali la malaria peke yake. Kikohozi alichokuja nacho hakikuulizwa.

Hata mabingwa waliwahi kupotea kwenye kapu hilohilo. Jina influenza limetoka Italia, enzi ambazo watu waliamini ugonjwa huu unaletwa na nguvu za nyota. Mwaka 1892 mtaalamu wa Ujerumani, Richard Pfeiffer, aliona bakteria kwenye makohozi ya wagonjwa, akaamini amempata mchawi. Hakuwa yeye. Kirusi chenyewe kilikuja kutengwa kutoka kwa binadamu mwaka 1933 huko London, lakini bakteria wa watu alishabatizwa Haemophilus influenzae na jina likamganda. Sasa huyo bakteria wa aina ya b ni mmojawapo wa wale wanaokingwa na chanjo ya pentavalenti wanayopata watoto wetu kliniki. Matokeo yake wapo wazazi, tena waliosoma, wanaoliona jina hilo kwenye maelezo ya chanjo na kusema, "Wangu alishachanjwa influenza." Hakuchanjwa. Alichanjwa dhidi ya ndugu wa jina.

Tatu, nane, ishirini na sita

Januari 1978, kwenye shule moja ya bweni ya wavulana kaskazini mwa Uingereza, waliohesabu wagonjwa waliandika kila siku ni wangapi wako kitandani. Shule ilikuwa na wavulana 763. Tarehe 22 walikuwa 3. Kesho yake 8. Kisha 26. Kisha 76. Siku ya tano 225, siku ya sita 298. Baada ya hapo namba zilianza kushuka kwa kuwa kirusi kilikuwa kimeanza kukosa wa kumwambukiza, na kufikia mwanzoni mwa Februari mlipuko ulikwisha. Wavulana 512 walikuwa wamelala kitandani kwa zamu, yaani wawili katika kila watatu.

Zisome tena namba hizo kama mwalimu mkuu. Siku ya pili una wagonjwa 8 kati ya 763. Nani atashtuka? Siku hiyo unafanya kikao cha bajeti ya chaki. Siku ya tano huna vitanda. Kila siku idadi ilikuwa ikizidishwa karibu mara tatu, na kitu kinachokwenda kwa mara tatu hakionekani kikubwa mpaka siku ambayo hakizuiliki tena.

Kwa nini kinakimbia namna hiyo? Kirusi hiki kikishaingia mwilini, dalili hujitokeza baada ya siku moja hadi nne, kwa kawaida mbili. Na mtu huanza kukitoa tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya. Maana yake, wale watatu wa kwanza walipopanda kitandani walikuwa wameshawagawia wenzao jana yake, wakiwa wazima wa afya, wakicheka. Kwa hiyo hakuna shule itakayozuia mgonjwa wa kwanza. Mchezo wote unachezwa kati ya 3 na 26. Mtu mzima huendelea kuambukiza kwa siku tano hadi saba tangu augue. Mtoto, ambaye mwili wake bado unajifunza, anaweza kufika siku kumi na kuzidi.

Kuna jambo jingine kwenye habari ya shule ile ambalo hunifurahisha. Watu wazima wapatao 130 waliishi na kufanya kazi na wavulana hao, na inasemekana aliyeugua vivyo hivyo ni mmoja. Walimu hawakuwa wasafi kuliko wanafunzi. Aina ya kirusi iliyozuka, H1N1, ilikuwa imezunguka duniani hadi 1957 ikatoweka, ikarudi 1977. Walimu waliwahi kukutana nayo utotoni. Wavulana hawakuwahi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali ninaloulizwa kila mara: mbona alishaugua mwaka jana na mwaka huu anaugua tena? Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa geti anayewatambua watu kwa sare. Kirusi cha influenza hubadilisha sare yake kidogo kidogo kila mwaka, kifungo hapa, kola pale, mlinzi akawa anamtazama mgeni kwa mashaka lakini hana hakika. Mara chache hubadilisha sare nzima kwa mkupuo, mlinzi asimtambue kabisa, na hapo dunia nzima huugua kwa pamoja, kama mwaka 1918 na mwaka 2009.

Sasa, chombo gani shuleni kinaonyesha namba 3 na 8 kabla hazijawa 225? Kipo, kila darasa linacho, na hakitumii umeme: daftari la mahudhurio. Lakini tunakitumia kuwatafuta watoro. Nakumbuka, kwenye shule niliyokuwa nafundisha, kiranja aliniletea majina manne ya ambao hawakuja Jumatatu. Nikayatia alama za utoro, nikaandika wazazi waitwe. Jumatano wale wanne walirudi, wawili wakiwa bado na homa, maana mama zao walisikia neno "kuitwa" wakaogopa. Wiki iliyofuata nilifundisha madawati. Kama ningeuliza swali moja tu, hawa wanne wanakaa wapi darasani, ningegundua watatu wanakaa safu moja.

Hewa kwanza, ndoo baadaye

Machi 17, 2020 shule zilifungwa nchini kote kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa zote Juni 29 kila geti lilikuwa na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni. Ile ilikuwa shule kubwa kwetu. Lakini ilituachia picha moja kichwani, kwamba ugonjwa wa njia ya hewa unazuiwa mikononi. Tafiti za unawaji mikono zinaonyesha kwamba hupunguza magonjwa ya njia ya hewa kwa kati ya asilimia 16 na 21. Si haba, na kwa kuhara faida yake ni kubwa zaidi. Lakini asilimia 80 iliyobaki inapitia wapi?

Inapitia puani na mdomoni. Mtoto akikohoa, akipiga chafya, hata akiimba jedwali la saba mara nane, anatoa matone. Makubwa huanguka ndani ya mita moja au mbili. Madogo huelea kwenye hewa ya chumba na kungoja mwingine ayavute. Darasa letu la msingi linatakiwa kuwa na wanafunzi 45. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani wamekuja shule, jambo jema kabisa, lakini madarasa mengi yameipita namba hiyo mbali. Dawati ni la watatu, bega kwa bega. Ile mita moja ya kwenye mabango ya korona haipo, na tusidanganyane kwamba itapatikana.

Kinachopatikana ni dirisha. Na hapa nina ugomvi wangu mdogo. Madarasa ya zamani yalikuwa na madirisha ya matundu, mengine hayana hata kioo, na hewa ilipita upende usipende. Madarasa mapya yanapendeza, yana madirisha ya alumini ya kusukuma pembeni. Dirisha la namna hiyo, hata ulifungue lote, nusu yake inabaki imefungwa na kioo cha pili. Fundi haoni tatizo, kamati ya shule inaona maendeleo, na hewa ya watoto themanini inabaki inazunguka humohumo. Kamati inayojenga sasa hivi ingeuliza swali hilo kabla ya kusaini.

Kwa darasa lililopo tayari, fungua pande mbili zinazotazamana ili upepo uingie huku na kutoka kule; upande mmoja peke yake hautoshi. Asubuhi za Juni na Julai Tabora huwa na baridi, na watoto wenyewe watafunga. Mvua ya upepo nayo ikija utafunga upande inakotokea. Sawa, acha wazi ule mwingine, na kila mapumziko fungua yote hata kama chumba ni kitupu. Na somo la kusoma kwa sauti au kuimba, ambalo hutoa matone kuliko somo lolote, lipelekwe nje chini ya mwembe. Mji huu umejaa miembe. Hakuna mtambo wa hewa unaoufikia.

Baridi yenyewe je, haileti mafua? Bibi zetu walituambia tusinyeshewe, na hawakukosea kabisa. Baridi haiumbi kirusi. Lakini hewa ya baridi na kavu hukiacha kirusi kikae hai muda mrefu zaidi, na zaidi ya hapo baridi inafunga madirisha na kuwakusanya watu. Mvua nayo inafanya hivyohivyo. Katika nchi za baridi homa ya mafua ina msimu wake unaojulikana. Huku kwetu kwenye joto huweza kuzuka wakati wowote wa mwaka, ndiyo maana shule ikisubiri "msimu" itakuwa inasubiri gari lisilo na ratiba.

Mikono tusiiache, ila tujue inafanya nini. Kirusi cha influenza kimevikwa ganda la mafuta, na sabuni hulivunja ganda hilo kama inavyoondoa mafuta ya samaki kwenye sahani. Sabuni yoyote inafanya kazi, ya mche ile ile ya kufulia, ilimradi usugue sekunde 20. Kwenye meza, kitasa na dawati kirusi kinaweza kukaa siku moja hadi mbili. Kwenye ngozi ya mkono hufa ndani ya dakika chache, lakini mtoto hujishika uso mara nyingi mno kuliko hizo dakika. Shule isiyo na bomba inajenga kibuyu chirizi: dumu la lita tano lenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu ili mikono isiguse kitu. Sabuni inafungwa kwenye wavu na kuning'inizwa pembeni, la sivyo kunguru wanaondoka nayo. Ugumu wa kibuyu chirizi hauko kwenye kukijenga. Uko kwenye nani anakijaza. Siku ya mgeni kutoka wilayani kimejaa, wiki mbili baadaye buibui wamefunga nyumba. Kipewe darasa kwa zamu, jina la darasa liandikwe pale.

Na kikombe cha uji. Jikoni kuna vikombe ishirini, watoto mia mbili, anayemaliza anampa aliye nyuma yake. Kila mtoto aje na kikombe chake, kimeandikwa jina. Hili halihitaji mfadhili.

Parasetamoli ya saa kumi na mbili

Turudi kwa mzazi wa bodaboda. Saa kumi na mbili asubuhi mtoto amechemka. Mama anampa parasetamoli, baada ya nusu saa joto limeshuka, mtoto anaomba chai. "Kapona." Dawa ile hufanya kazi kwa saa nne hadi sita. Hesabu mwenyewe: kufika mapumziko ya saa nne inaanza kuisha nguvu, na mtoto analaza kichwa juu ya dawati. Kwa saa tatu au nne amekuwa kati ya wenzake akiwa na kirusi kingi kuliko siku nyingine yoyote ya ugonjwa wake, maana siku mbili tatu za kwanza ndizo za hatari zaidi kwa jirani.

Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa afya ni kwamba mtoto akae nyumbani mpaka zipite saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Maneno "bila dawa" ndiyo yanayoachwa njiani.

Mzazi hafanyi hivyo kwa ukatili. Nyumbani hakuna wa kumwangalia mtoto. Mama yuko sokoni, baba kwenye bodaboda hiyohiyo. Shule inapiga simu kuuliza kwa nini hayupo. Mwisho wa muhula kuna zawadi ya daftari kwa asiyekosa hata siku moja, zawadi ambayo, nikifikiria sasa, niliwahi kuwagawia watoto wagonjwa kwa kupiga makofi. Ikikaribia mitihani ya darasa la nne au la saba, ndiyo kabisa. Basi shule inayotaka kuzuia homa ya mafua ianze na jambo lisilogharimu kitu: iseme wazi kwenye kikao cha wazazi kwamba mtoto mwenye homa akibaki nyumbani, kwa ujumbe tu wa simu kwa mwalimu wa darasa, hahesabiwi mtoro. Daftari liwe na alama yake ya ugonjwa. Zawadi ya kutokosa ifutwe. Na mwalimu mwenye homa naye akae kwake, maana mwalimu anayejikongoja kuja kazini kwa sifa huingia madarasa manne kwa siku, kitu ambacho hakuna mtoto anayeweza kufanya.

Mtoto akizidiwa akiwa tayari shuleni, mkalishe barazani au chini ya mti, mpe barakoa kama ipo, mpigie mzazi. Usimweke kwenye ofisi ndogo ya walimu iliyofungwa, kama tulivyozoea, kwa huruma.

Mzungu wa nne

Tabora ni mji wa mabweni. Shule yake kongwe ya serikali ndiyo aliyosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1937, na hadi leo Januari ikifika stesheni hujaa masanduku ya bati na magodoro. Wanafunzi kutoka Kigoma wanakuja na treni, kilomita zipatazo 400, usiku kucha ndani ya behewa moja, madirisha yamepandishwa kwa vumbi. Aliyepanda na kirusi Uvinza au Kaliua anashuka Tabora na kundi lake limekamilika.

Njia hiyo ilishawahi kulibeba janga lenyewe. Novemba 25, 1918 jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lilijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Askari na wapagazi wake walivushwa Ziwa Tanganyika kwa meli hadi Kigoma, kisha wakapakiwa treni kuja Tabora. Ilikuwa ni miezi ileile ya homa kubwa ya mafua, inayokadiriwa kuua watu wapatao milioni 50 duniani. Ikawakuta safarini na kambini, ikaua watu waliokuwa wamezikwepa risasi kwa miaka minne. Meli, behewa, kambi: vyumba vitatu vya watu waliobanana, kimoja baada ya kingine.

Bweni letu ni chumba cha nne. Vitanda vya deka vimesogezwa mpaka vinagusana, na vichwa vyote vimeelekea ukutani. Vitanda zaidi havipo, lakini vichwa vinaweza kugeuzwa. Wazee walikuwa na jina la kulala hivyo, mzungu wa nne: huyu kichwa huku, jirani yake kichwa kule alikoweka miguu mwenzake. Uso unakaa mbali na uso kwa karibu urefu mzima wa kitanda, na hujatumia hata shilingi. Wanafunzi watacheka siku mbili kuhusu harufu ya soksi, kisha watazoea.

Wagonjwa wa kwanza wapate chumba chao, hata kama ni stoo iliyofagiliwa, ilimradi ina dirisha. Wenye homa ya mafua wanaweza kulala pamoja, kwa kuwa wanachoambukizana tayari wanacho. Chakula kiwafuate huko, wasipange foleni ya bwalo. Matroni au patroni ahesabu kila asubuhi na aandike ukutani, kama walivyoandika wale wa 1978. Akiona namba imezidi maradufu kwa siku mbili mfululizo, asisubiri kikao, ampigie mganga wa kituo cha afya kilicho karibu. Na kuna wanafunzi ambao majina yao yanapaswa kujulikana kabla hakijanuka: wenye pumu, selimundu, ugonjwa wa moyo, kisukari, na wanaoishi na VVU, hao wa mwisho kwa siri inayostahili. Kwa wengi homa ya mafua ni wiki mbaya. Kwa hawa inaweza kuwa safari ya hospitali.

Nyungu, asali na chanjo

Mwaka 2020 nchi nzima ilipiga nyungu. Mvuke hulegeza pua iliyoziba, mtu akajisikia ahueni, na sina neno na hilo. Lakini mvuke hauui kirusi kilichoshaingia mwilini, sufuria ya maji yanayochemka karibu na mtoto ni ajali inayongoja, na nyungu ya pamoja, watoto wanne chini ya blanketi moja wakivuta pumzi za wenzao, ndiyo darasa la madirisha yaliyofungwa katika umbo lake kamilifu.

Asali ya Tabora inatuliza kikohozi, mpe, isipokuwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Maji na uji kwa wingi. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, nyumbani. Aspirini asipewe kabisa mtoto mwenye homa ya mafua, kwa kuwa inaweza kuleta ugonjwa adimu na mbaya wa ini na ubongo. Amoksilini, ile ya rangi mbili inayouzwa kila duka la dawa, inaua bakteria. Kwa kirusi haina kazi. Itahitajika endapo bakteria wataingia kwenye mapafu yaliyodhoofika, na ishara yake ni mtoto aliyeanza kupata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu. Huyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kama vile anayepumua haraka haraka, anayebonyea mbavu akivuta pumzi, anayeshindwa kunywa, anayepata degedege au asiyeamka vizuri.

Chanjo ya homa ya mafua ipo duniani, na Shirika la Afya Duniani hupitia mchanganyiko wake mara mbili kwa mwaka ili kukimbizana na zile sare zinazobadilika. Mwaka ikipatana vizuri na kirusi kilichopo huzuia kati ya asilimia 40 na 60 ya ugonjwa. Haimo katika chanjo za kawaida za bure za watoto hapa nchini. Zilizomo ni pentavalenti na ile ya nimonia, ambazo hazizuii homa ya mafua lakini hufunga mlango kwa baadhi ya bakteria wanaoifuata nyuma. Kadi ya kliniki iliyokamilika, kwa hiyo, ina msaada wake hapa pia.

Watu huniuliza kama shule ifungwe. Kwa homa ya mafua ya kila mwaka, ni mara chache. Likizo hupunguza kasi kweli, lakini ukifunga siku ya 225 umechelewa, na wa bweni unawapakia mabasi na treni kukipeleka kirusi Kasulu, Urambo na Nzega. Uamuzi huo ni wa mganga mkuu wa wilaya na ofisi ya elimu, na wanachohitaji kutoka shuleni ni namba za kila siku, zile za ukutani kwa matroni.

Linabaki swali la getini, upande wa pili. Mtoto amekaa nyumbani siku tano, amerudi, na bado anakohoa. Mwalimu wa zamu anamrudisha. Mama anakuja juu, ana haki. Kikohozi cha homa ya mafua huweza kuendelea wiki mbili na zaidi, kirusi kikiwa kimeshapungua mno, kwa sababu njia ya hewa iliyochubuka inachukua muda kupona. Kwa hiyo asimuulize, "Bado unakohoa?" Amuulize mama: "Homa iliisha lini, na alikunywa dawa mara ya mwisho saa ngapi?" Akisema juzi, mtoto aingie, akae karibu na dirisha, na akikohoa aelekeze mdomo kwenye kiwiko cha sweta lake.